Shemeji Aliyeongoza Ubaoni

Kila shati la shemeji yangu lilipita mikononi mwangu kabla hajalivaa. Hata likiwa limetoka dukani siku ileile, lilikuja kwanza kwenye cherehani yangu nilishonee kifuko kidogo kifuani, upande wa kushoto, chenye dirisha la plastiki. Shati la kazini, la ibadani, la msibani, mpaka la kulalia. Nilipomuuliza la kulalia la nini, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua.

"Shemeji," akasema, "cheo hakivuliwi kwa sababu mtu amesinzia."

Cheo chenyewe kilikuwa beji. Kipande cha plastiki cheusi, ukubwa wa kiberiti, chenye namba kwa nje na kwa ndani kitu kinachonasa mionzi, ile ambayo haionekani wala hainuki lakini inaingia mwilini. Beji haimkingi mtu na chochote. Kazi yake ni kupima tu. Mwisho wa mwezi inakusanywa, inapelekwa kusomwa, na kampuni ya mafuta inajua aliyeivaa amepigwa na mionzi kiasi gani. Wanaume wa yadi ya mabomba walielezwa hayo siku ya kugawiwa, kwa maneno ya kitaalamu, saa ya chakula, wakiwa na njaa. Shemeji alichosikia ni kwamba madereva hawapewi, makarani hawapewi na walinzi hawapewi. Hapo akaacha kusikiliza.

Huyu ni mume wa dada yangu mkubwa, na kwa hiyo nina ruhusa ya kumsema nitakavyo. Alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja wa zamani, nao ni kupenda kuonekana. Tangu ujana wake hakuna aliyemvisha kitu kifuani. Shuleni zawadi zilikwenda kwa wengine, na kwenye timu ya mpira alikuwa mtunza viatu. Ndipo utu uzima ukamletea beji yenye namba yake peke yake. Mtaani tukaanza kumwita Mheshimiwa kwa kejeli, yeye akaitika kama mtu anayedai haki iliyocheleweshwa.

Na kusema kweli beji ilimfanyia mambo. Kwenye harusi ya jirani alikaa meza ya mbele, na kijana aliyetumwa kumwondoa alipoiona alimwomba radhi akamletea soda ya pili. Kwenye ofisi ya maji alipita mbele ya foleni nzima huku amekitanguliza kifua. Wakati mmoja alikwenda zahanati kung'oa jino, muuguzi akadhani ni mkaguzi, akaanza kuficha maboksi.

Kazi aliyokuwa akiifanya haikuwa na uheshimiwa wowote. Mafuta hayatoki ardhini peke yake, yanatoka na maji ya chumvi, na maji hayo yakipita mwaka hadi mwaka yanaacha ukoko ndani ya bomba, sawa na ukoko wa sufuria. Tofauti ni kwamba ukoko huu umetoka chini kabisa na umekuja na mionzi ya hukohuko. Bomba likishaziba linang'olewa kisimani na kupelekwa yadini, na pale wanaume wanaliingizia brashi ya waya inayozungushwa na mota, au nyundo na patasi mota ikigoma, mpaka ukoko utoke. Unatoka kama vumbi. Shemeji alirudi nyumbani nyusi zimekuwa za kijivu, na dada yangu alikuwa akimkung'uta kwenye mlango wa nyuma kama zulia.

Wenzake walikuwa na akili kuliko yeye, au ndivyo walivyojiona. Pale yadini mtu ambaye beji yake inasoma juu alikuwa anaondolewa kwenye mabomba na kupelekwa kufagia kantini, na posho ya kazi ngumu haimfuati huko. Tena ukiipoteza beji unakatwa mshahara. Basi nyapara, ambaye anapenda amani, akawapa wazo: beji zikae ofisini kwake, kabatini, zisipotee wala zisisome vibaya. Kila asubuhi wanaume waliingia kwenye vumbi, na beji zao zikabaki kwa nyapara kwenye kiyoyozi. Sidhani kama kuna beji zilizotunzwa vile popote. Mwisho wa mwezi zilikwenda kusomwa zikiwa na afya njema kabisa. Kampuni ikapewa ngao ya usalama kazini, na ngao nayo ikapelekwa kwa nyapara, ikawekwa juu ya kabati lilelile.

Shemeji peke yake ndiye aliyekataa. Si kwa sababu alijua chochote. Alikataa kwa sababu kabati halina kifua.

Matokeo yalikuwa yakibandikwa ubaoni karibu na mlango wa kantini, namba ya beji na kipimo chake. Mwezi wa kwanza ubao mzima ulikuwa sifuri, sifuri, sifuri, kama trei ya mayai, halafu katikati ikatokea namba ya shemeji na tarakimu za kueleweka. Aliyesimama karibu alikuwa mwenzake mmoja tuliyemzoea kwa jina la Kicheko, kwa kuwa hata msibani ilibidi atolewe nje. Kicheko alisoma ubao, akamsoma na shemeji, akampa mkono.

"Hongera, Mheshimiwa. Umeongoza."

"Nimeongoza nini?"

"Kazi! Beji inapima anayejituma. Sisi wengine si unaona tumepata mayai?"

Shemeji akaamini. Mimi simlaumu sana. Mtu aliyengoja kuongoza maisha yake yote haulizi ameongoza nini. Alirudi nyumbani akaita majirani, akanunua soda na keki yenye jina lake, nami nikaleta viti vyangu vya kibandani. Alisimama akatoa hotuba kuhusu bidii, akasema pale yadini kuna watu wazima wenye nguvu zao lakini wanapata sifuri, na kwamba yeye hana kinyongo nao, yuko tayari kuwafundisha. Kicheko alikuwepo. Alikula vipande vya keki mpaka akapaliwa, machozi yakamtoka, na shemeji akampigapiga mgongoni akidhani mwenzake ameguswa.

Aliendelea kuongoza mwezi baada ya mwezi, miaka ikapita. Utauliza kwa nini hakupelekwa kantini. Afisa usalama, bwana mmoja ambaye buti zake hazijawahi kukutana na ukoko, alimuuliza nyapara swali hilohilo. Nyapara hakutaka kumpoteza mkwanguaji hodari, akajibu kwamba yule mtu ana kasoro, beji analala nayo, anakwenda nayo harusini, haiwezi kuaminika. Afisa akaandika kuwa beji inatumiwa vibaya, akaendelea na chai yake. Hakujisumbua kuuliza ni harusi gani yenye mionzi.

Halafu shemeji akaanza kuchoka. Mtu aliyekuwa akibeba mtungi wa gesi begani akawa anapumzika katikati ya ua. Alitokwa na madoa kwenye mikono kama aliyepigwa, fizi zikatoa damu, homa ikaja ikakaa. Zahanati ya kampuni ikampa vidonge vya maumivu na ushauri wa kunywa maji mengi. Dada yangu hakungoja ushauri wa pili. Alimpeleka hospitali, nami nikafunga kibanda nikaenda nao.

Daktari alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani inayoteleza puani. Alikwisha kuona majibu ya damu. Aliuliza kazi, shemeji akaeleza, akaona ni nafasi ya kuongeza jambo.

"Na si kwamba nafanya tu, daktari. Mimi pale ndiye naongoza." Akagusa beji. "Miaka yote hii hakuna aliyenifikia."

Daktari akaacha kuandika. "Unaongoza kwa kipimo cha hiyo beji?"

"Kila mwezi."

"Mzee wangu," daktari akasema, na sauti ikashuka, "hizo si alama za kufaulu. Hicho ni kiasi cha mionzi iliyokupiga."

Nimemcheka shemeji yangu kwa mengi, lakini uso alioufanya pale sijawahi kuusimulia kwa kucheka. Alimtazama dada, akanitazama mimi, kisha akakitazama kifuko nilichomshonea. Dada ndiye aliyesema, na maneno aliyoyatoa kuhusu yadi, nyapara na mama aliyemzaa nyapara hayawezi kuandikwa.

Ilikuwa saratani ya damu. Daktari hakutudanganya. Alisema hawezi kuapa imetoka wapi, kwa sababu saratani haiji na kitambulisho, lakini mionzi na vumbi la namna ile vinaongeza hatari, na mtu huyu amevila kwa miaka. Dawa ya kweli ilikuwa kwenye hospitali kubwa, mbali, nasi hatukuwa na ubavu huo. Kampuni ingeweza kumpeleka, kwa sharti moja: ithibitike kuwa ugonjwa umetokana na kazi. Bila hivyo angebaki kwetu na vidonge vya maumivu, akisubiri siku yake.

Kwa hiyo tukaitwa mbele ya kamati. Ilikuwa imepita miezi kadhaa tangu shemeji aache kukanyaga yadini. Chumba kilikuwa na meza ndefu, na sahani ya biskuti ilikuwa imewekwa mahali ambapo mkono wa mgonjwa haufiki. Mwenyekiti aliketi katikati, afisa usalama na kompyuta yake kulia, nyapara kushoto. Shemeji alivaa shati la ibadani, na beji yake.

"Mzee, pole sana," mwenyekiti alianza. "Sasa tusaidie. Beji zote za yadi zinasoma sifuri. Yako tu ndiyo iko juu. Ungekuwa sisi, ungefikiriaje?"

"Ningefikiri mimi ndiye niliyeivaa," shemeji akajibu.

Nyapara akapata kikohozi cha ghafla.

"Kila mfanyakazi wetu anavaa beji, ni amri," mwenyekiti akasema. "Tatizo lako ni kwamba unaivaa hata harusini, hata kitandani. Tutajuaje mionzi hiyo umeipata wapi?"

Dada yangu alikuwa amefumbata mkoba wake. "Baba," akasema, "tangu mume wangu augue hajafika yadini. Lakini beji anayo. Mwenzake anakuja kuichukua kila mwisho wa mwezi na kumletea nyingine. Amelala nayo, amezika nayo jirani, amekwenda nayo harusi ya binti wa fundi viatu. Hebu someni hiyo miezi."

Afisa usalama akabonyezabonyeza kompyuta, akainama, akainuka. "Sifuri," akasema. "Zote."

"Basi ziacheni harusi za watu, mionzi haikutoka huko," dada akasema.

Mimi nikajua tumeshinda. Nilikuwa tayari naitazama ile sahani ya biskuti kwa jicho jingine. Mwenyekiti akaegemea kiti chake, na uso ukamkunjuka kwa furaha.

"Lakini hii ni habari njema sana!" akasema. "Kipimo kimeshuka mpaka sifuri. Maana yake hatua zetu za usalama zinafanya kazi. Kwa mujibu wa beji, mzee anaweza kurudi yadini hata kesho."

Nilitamani kumrushia kiatu. Nasema wazi, nilikivua kabisa, dada akanikanyaga mguu. Shemeji, aliyekuwa ameshikilia ukingo wa meza ili asidondoke, aliuliza kwa adabu atarudije kazini naye kuoga anaogeshwa. Mwenyekiti akasema hilo ni suala la kitabibu, halihusiani na beji. Halafu akatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa tulipokuwa tunatoka.

"Mama, mtuelewe. Mtu mmoja akiumwa ni bahati mbaya. Wangekuwa wengi, hapo kamati ingekuwa na cha kufikiria."

Dada alilia njia nzima. Mimi sikulia, mimi huwa nakasirika. Na katika hasira yangu neno moja lilikuwa linanizunguka kichwani. Wengi.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye lango la yadi, wanaume wanaingia. Niliwaita, wakanizunguka wakidhani nimeleta ovaroli zao za viraka.

"Shikamooni, wanaume wa sifuri," nikawaambia. "Nimekuja kuwapongeza. Nimesikia mapafu yenu ni ya chuma na damu yenu ni ya plastiki. Mnakwangua ukoko uleule aliokwangua Mheshimiwa, kwenye vumbi lilelile, na hamuumwi hata kidole. Naomba mnipe dawa mnayotumia nimpelekee, anakufa."

Walitazama chini. Kicheko akajitokeza, naye hakuwa anacheka.

"Dada fundi, usituseme hivyo. Tukizivaa zitasoma juu, tutapelekwa kantini. Watoto watakula nini?"

"Nyote?"

"Eeh, sote."

"Kantini ile ni chumba kimoja," nikasema. "Mkisomeka juu mmoja, atafagia. Mkisomeka juu nyote, mtafagiana? Na mabomba atakwangua nani, mwenyekiti?"

Mmoja akaguna. Mwingine akasema mwanamke huyu ana mdomo. Wakaingia kazini, nami nikarudi kibandani nikiwa na uhakika kwamba nimechoma nauli bure.

Jioni Kicheko alikuja na ovaroli mkononi.

"Nishonee kifuko," akasema.

"Cha nini?"

"Usinitese, dada fundi." Alikuwa hanitazami usoni. "Mimi ndiye niliyemwambia ameongoza."

Nikakishona akiwa amesimama palepale. Kesho yake zikaja nyingine, na kesho kutwa kibanda kilijaa ovaroli mpaka sina pa kukaa. Kicheko alikwenda kwa nyapara mbele ya afisa usalama, akasema mwenyekiti mwenyewe ametamka kwamba kila mfanyakazi anavaa beji, kwa hiyo wamekuja kutekeleza amri. Nyapara akafungua kabati kama anayefungua kaburi. Wiki ileile nililetewa shati moja safi ndani ya mfuko mweusi, na aliyelileta akasema ni la kaka yake. Lilikuwa na jina la nyapara kwenye kola. Nikashona, nikanyamaza.

Mwezi ulipokwisha, matokeo yalikaa ubaoni muda mfupi tu, afisa usalama akaja mbio kuyabandua. Lakini alikuwa amechelewa. Kila mwanaume alikuwa ameitafuta namba yake, akaiona, na kila mmoja alitaka kuambiwa kwamba mashine imekosea. Hakukuwa na yai hata moja. Niliambiwa kuwa siku ile brashi hazikuwashwa, watu walikaa juu ya mabomba, kisha mmoja akakumbuka amekaa juu ya nini, wote wakasimama.

Kamati ilikutana haraka kuliko nilivyowahi kuona wakubwa wakikutana. Waligundua, wao wenyewe, kwa hekima yao, kwamba ugonjwa wa mzee ulitokana na kazi. Gari la kampuni lilikuja mpaka mlangoni kumchukua, na dereva akamshika mkono kama Mheshimiwa wa kweli. Wengine wote wakaambiwa wapimwe damu.

Tulipata tulichokitaka. Nasema hivyo kwa sababu dada yangu alipiga magoti sakafuni akashukuru, nami nikashukuru, na hakuna kati yetu aliyefikiria zaidi ya hapo.

Nilifikiria nilipofika wodini. Wenzake wa yadi walikuwa wamekuja kumtazama, wameuzunguka mlingoti wa dripu, mikono nyuma. Shemeji alikuwa amekonda mpaka shati la kulalia limekuwa gauni. Beji hakuwa nayo, wauguzi walimwomba aiache, lakini kifuko kilikuwepo, kitupu, dirisha la plastiki likimeremeta. Dada alimweleza yote tangu lango la yadi mpaka kamati, akiongeza chumvi pale palipohitaji. Shemeji alisikiliza kwa raha. Aliwatazama mmoja mmoja, akawashukuru, kisha ule ugonjwa wake wa zamani ukampanda.

"Sasa," akauliza, "mwezi huu nani ameongoza?"

Mmoja akaanza kusoma maandishi ya kwenye chupa ya dripu.

"Mimi," Kicheko akasema.

Nikamtazama shemeji. Namjua mtu huyu. Keki yote ile, hotuba yote ile, machozi yale aliyodhani ni ya kuguswa, alikuwa na deni la kudai na mdeni wake amesimama mbele yake bila pa kukimbilia. Nililiona neno hongera likimfika midomoni. Aliufungua mdomo, akaufumba. Akaivuta miguu yake taratibu upande wa ukutani mpaka pakapatikana nafasi, akalipapasa godoro.

"Kaa hapa," akamwambia. "Mkeo umeshamwambia?"